Anaumwa Kidogo

Mnanicheka, najua. Mjukuu wangu Zuhura ananiiga mbele ya wenzake: anashika rimoti ya tivii kama simu, anakunja uso, anaanza, "Hamjambo? Watoto? Wazee? Mvua huko imenyesha? Na yule mbuzi aliyevunjika mguu?" Wenzake wanaangukia makochi kwa kicheko. Nami nacheka, maana anajua kuiga. Lakini leo nataka kuwaambia kwa nini namuulizia mbuzi, na mnivumilie, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye simu maisha yake yote hajui kukatisha maneno.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuwaunganisha watu wasioonana. Nilianzia chumba cha mitambo ya simu hapa Musoma, enzi za kuchomeka waya. Taa inawaka, unauliza "Namba gani tafadhali?", unachomeka, unakaa pembeni. Baadaye mitambo ikawa inajiunganisha yenyewe, tukaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Nikaweka meza na simu barazani kwangu Mwisenge, nikabandika karatasi iliyoandikwa SIMU HAPA. Tangu hapo nikawa Mama Simu, na wapo majirani ambao hadi leo hawajui kwamba jina langu ni Mwajuma.

Kule kwenye mitambo mkubwa wetu alikuwa Mzee Shabani, mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya kiua ambayo sikuwahi kuiona imetoka kichwani. Wiki yangu ya kwanza ilikuja simu kutoka Musoma kwenda kwa bwana mmoja Bunda. Laini ilikuwa mbovu, yule bwana akawa anapiga kelele, "Nini? Amesemaje? Amesemaje?" Mimi msichana wa watu, nikitaka kusaidia, nikaingilia kati na kumwambia kwa sauti ya mnadani: "Anasema mama mkwe wako amefariki!"

Nikasikia mkonga unagonga meza, halafu nikasikia kuku. Kuku tu, analia mahali fulani huko Bunda, na hakuna mtu.

Mzee Shabani akanivua vile vidude vya masikioni taratibu. "Mwajuma, ulimuuliza yuko na nani pale?"

"Hapana, mzee."

"Amekaa au amesimama?"

"Sijui, mzee."

"Basi umemsukuma mtu na hujui kama nyuma yake pana ukuta au pana shimo." Akanikalisha chini akanifundisha. Msiba hausemwi kwenye waya. Mtu anaitwa kwanza, afike nyumbani, akute watu wa kumshika, ndipo aambiwe. Ukilazimika kupeleka ujumbe, unasema: mgonjwa wetu anaumwa kidogo.

Sasa nyie watoto wa siku hizi mtaniuliza, kidogo maana yake si kidogo? Ndiyo, na siyo. Neno hilo moja lilikuwa na mizigo mitatu. Lilisemwa kwa mtu mwenye mafua. Lilisemwa kwa mtu aliye hoi. Na lilisemwa kwa mtu ambaye wameshaanza kumchimbia kaburi. Kazi ilikuwa ya msikiaji. Alitakiwa asikilize ni nani aliyepiga: ukiona ni baba mkubwa ambaye hajawahi kukupigia simu tangu uzaliwe, jipange. Asikilize salamu zilikwendaje: watu wanaosema huku kwema haraka haraka, bila kutaja ng'ombe wala shamba, hawako kwema. Asikilize na kile kinachofuata. "Anaumwa kidogo, anakuulizia" maana yake wahi, bado yupo. "Anaumwa kidogo, njoo na wadogo zako" maana yake usiwahi tena, njoo tu.

Ndiyo maana namuulizia mbuzi. Mtu akinijibu vizuri kuhusu mbuzi, najua kweli kwake ni salama.

Makosa yalikuwepo, msidhani sisi tulikuwa malaika. Kulikuwa na fundi cherehani wa Bunda, jina lake Magesa. Baba yake alikuwa na mafua, mafua ya kweli, ya kupiga chafya. Dada yake akapiga simu, "Kaka, baba anaumwa kidogo, ukipata nafasi njoo." Magesa akasikia alivyosikia. Akakusanya ndugu, akakodi pikapu, akapakia turubai na masufuria makubwa ya kupikia msibani, na wanawake wakaanza kulia tangu barabarani. Wakamkuta mzee amekaa kivulini na bakuli la sato, anatoa miiba. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakanyamaza. Halafu akasema, "Kwa kuwa masufuria mmekuja nayo, pikeni. Mimi huyu samaki hajanitosha." Wakachinja mbuzi wakala, na Magesa akataniwa kwa jambo hilo mpaka naye alipokuwa mzee.

Tulicheka hivyo kwa sababu lilikuwa kosa la mtu anayesikia kupita kiasi. Sikujua kama ningeishi kuona kosa la upande wa pili.

Pale Mwisenge jirani yangu alikuwa Nyangeta. Wengi walimwita Mama Jose, kwa jina la mwanawe Josephat, na yeye aliniita Mama Hamisi kwa mwanangu wa kwanza. Ni mzaliwa wa Kibara, Mjita, na alikuwa akiuza samaki soko la Musoma. Kwa ngumi hata kwa maneno hukuwa na la kumfanya. Mumewe Magoti alikuwa mtu wa Butiama. Tuliishi ukuta kwa ukuta, yeye mkristo mimi muislamu, Krismasi sahani inatoka kwake, Idi inatoka kwangu. Nilipojifungua mtoto wa tatu na maji ya bomba yamekatika mtaa mzima, yeye ndiye aliyenitekea ziwani. Katika maisha yangu sijapata tena rafiki kama yule.

Magoti alipoanza kuumwa, tumbo likajaa, hospitali wakamhudumia, mwisho daktari akawaambia, "Mrudisheni nyumbani akapumzike." Hapo tena hakuna aliyeuliza swali, kila mtu alielewa. Akarudishwa Butiama, kwenye mji wake, yaani boma alilojenga kwenye ardhi ya baba zake, pamoja na kaka zake. Nyangeta akaenda naye kumuuguza.

Josephat alikuwa Dar es Salaam, ameajiriwa, anavaa tai. Alikuwa mtoto mzuri, na nawaomba mlishike hilo mpaka mwisho wa habari hii. Shuleni alikuwa akipewa zawadi kwa kujibu maswali. Ukimuuliza jambo anakujibu palepale, na ukimjibu jambo anaamini ulichojibu. Namba aliyokuwa nayo ya nyumbani ni ya simu yangu, kwa hiyo Nyangeta alikuja kutoka Butiama kumpigia kwangu. Simu yenyewe ilikuwa inaongea kwa sauti, hata uwe unafagia unasikia yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Mke wako? Mtoto ameota meno?"

"Wazima, mama. Mama, niambie haraka, naingia kikaoni."

Nikaona Nyangeta anahamisha mkonga sikio la kushoto kwenda la kulia. Ujumbe wake wote ulikuwa bado umo kwenye salamu, na salamu zimekatwa.

"Huku kwema. Baba yako ndiyo anaumwa kidogo."

"Anaumwa nini?"

"Mwili tu. Anakuulizaga."

"Mpe pole sana. Nitatuma dawa kwa basi, sawa mama? Nikitoka nitapiga."

Na dawa alituma, wala si za bei rahisi. Vidonge vya malaria na glukosi. Nyangeta alivipokea akavipeleka Butiama, akamwambia mumewe mtoto amekutumia dawa, na mzee wa watu akanywa glukosi ile akasema imemsaidia.

Safari ya pili alikuja Mzee Mugendi, kaka mkubwa wa Magoti. Ndiye aliyekuwa msemaji wa ule mji, na hakuja hivi hivi, alikuja amevaa koti. Akakaa, akanisalimia, akanywa maji, akaulizia mume wangu na mitambo ya zamani, ndipo akasema nimuitie mtoto hewani. Josephat safari hii alikuwa na nafasi, akaacha salamu ziende. Mzee akaenda nazo vizuri sana. Akataja mvua, akataja mihogo, akafika kwa ng'ombe.

"Ng'ombe hawajambo. Ila yule mweusi wa baba yako, yule mkubwa, amekataa majani. Amelala tu anaangalia njia."

Mimi nilishika kifua, maana hata mtu aliyelala usingizi angeamka.

"Poleni sana baba mkubwa," Josephat akajibu. "Ila msichelewe, muiteni daktari wa mifugo. Kuna ugonjwa unapita. Gharama mimi nitasaidia."

Mzee Mugendi akaunyoosha mkono wenye mkonga akautazama. Akaurudisha sikioni. "Ahsante, mwanangu. Wewe utatutembelea lini?"

"Mwezi ujao nachukua likizo, baba mkubwa. Nitakuja kabisa."

Mzee akaagana naye kwa heshima zote. Alipoweka mkonga chini akaniambia, "Huyu kijana amesoma vizuri," na hakuwa anacheka. Akachukua fimbo yake akaondoka.

Mtaniuliza kwa nini hakusema wazi. Alikuwa na kinywa, ana akili, simu iko mkononi. Watoto wangu, kumtaja mtu aliye hai kwamba anakufa ni kumwachia mkono. Ni kumchuria, kumwitia kifo. Kule nyumbani kwao watu walikuwa wanamshikilia Magoti kwa kutosema, kila mmoja, kutoka kaka mkubwa hadi watoto wa kuchunga. Wanamuuliza "umeamkaje?" anajibu "sijambo kidogo," wanasema "ahsante Mungu." Atakayekuwa wa kwanza kusema lile neno, hata kama ni kweli tupu, ndiye aliyefungua mlango. Na kama ni mke aliyesema, tena mke aliyetoka ziwani kwa watu wengine, nani atamwelewa? Watasema alikuwa amechoka kuuguza. Watasema alikuwa anaharakisha.

Nyangeta alilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana safari ya tatu, alipokuja yeye, hakupiga simu kwanza. Alikaa kwenye benchi langu kama mteja. Kulikuwa na dada mwingine anasubiri laini yake ya Mwanza, naye ni mtu wa Butiama, aliolewa jirani na kwa kina Magoti.

"Mama Hamisi," Nyangeta akasema, "hivi huyu mtoto mimi nilimleaga kwa lugha gani?"

Tukaanza kutafuta maneno. Nikamwambia, mwambie baba ameanza kugawa vitu vyake. Akasema, atadhani anahama. Nikamwambia, mwambie daktari aliturudisha nyumbani. "Si nilimwambia siku ile alipopiga tena? Alisema ahsante Mungu, kumbe amepona." Tulijaribu hili tukaliweka, tukajaribu lile tukaliweka. Mtu aliyefundishwa na Mzee Shabani kazi nzima, mimi, sikuwa na neno hata moja. Nilifundishwa namna ya kuuficha ujumbe vizuri ili mwenye masikio aupate. Hakuna aliyenifundisha ufanyeje kwa mtu ambaye ndani ya masikio yake lugha ile haimo.

Nikamwambia, "Lete nimpigie mimi. Mimi si wa ukoo, mimi ni mswahili wa mjini, hakuna atakayenishtaki."

"Atasema ni maneno ya mtaani. Atanipigia mimi aniulize kama kweli. Na mimi nitamjibu nini?" Akatikisa kichwa. "Baba yake anamuitaga kila asubuhi. Anamuita mpaka namuonea aibu. Piga."

Nikapiga. Nikampa mkonga, nikataka kuingia ndani, akanishika kanga nisiondoke.

"Shikamoo mama, habari za..."

"Josephat. Usinisalimie."

Sijawahi kumsikia mama akimwambia hivyo mtoto wake, kabla ya siku ile wala baada yake.

"Baba yako anakufa. Akiifikia Jumapili ni bahati. Njoo."

Huko upande wa pili safari hii hapakuwa na kuku. Kisha nikasikia kijana wa watu analia kama mtoto, anasema, "Mbona hamkuniambia? Mama, mbona hamkuniambia?" Nyangeta akaweka mkonga chini, akafuta meza yangu kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa chafu. Yule dada wa laini ya Mwanza akasimama, akasema amekumbuka kitu, akaondoka bila kupiga simu yake. Tukatazamana na Nyangeta. Wote wawili tulihesabu yule dada atalifikisha neno lile Butiama saa ngapi.

Josephat alikuja. Alikuta baba yake anaongea. Wakakaa pamoja chumbani, wakaongea wanayoongea baba na mtoto, mzee akamuonyesha kwa kidole kupitia dirishani mahali anapotaka alazwe. Akamshika kichwani akambariki. Mzee akafa huku Josephat amemshikilia mkono. Kwa hiyo ukiniuliza kama lile neno lilifanya kazi, lilifanya. Nilikwenda mazishini, nikamuona kijana anamwambia kila mtu, "Nilimkuta. Nashukuru nilimkuta."

Hakuona mengine, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na watu wa ule mji hawakuyafanya kwa kelele. Siku ya kuondoa matanga, msemaji alisimama akashukuru watu kwa majina. Akashukuru kwaya, akawashukuru walioleta kuni, akanishukuru hata mimi kwa ndoo zangu mbili. Nyangeta hakumtaja. Mke wa Mzee Mugendi, akichambua mchele karibu yangu, akasema bila kumtazama mtu, "Wengine walishamzika kabla yetu." Wanawake wote pale wakaendelea kuchambua mchele.

Hakuna aliyemfukuza, wala msije mkasema nimewasema vibaya watu wa mji ule. Walimsalimia. Lakini walisubiri yeye aanze. Maziwa yaliyokuwa yakiletwa asubuhi yakawa yanasahaulika. Watoto waliokuwa wanakula kwake wakawa wanaitwa kwao wakati wa chakula. Alivumilia msimu mmoja wa mvua. Halafu akafunga mzigo akaenda Kibara, kwa kaka yake, kurudi kwenye dagaa na jua. Alipita kwangu kuniaga akiwa ameshapakia. Nilimwambia abaki Mwisenge, nyumba si ipo? Akaniambia ile nyumba ni ya Magoti, na kaka zake Magoti wanapita kila siku ya soko. "Nitasalimiana nao namna hiyo mpaka lini, Mama Hamisi?"

Mimi nilikwenda Butiama. Nilijiambia, nimekaa kwenye simu miaka yote hii, kazi yangu ni kuunganisha, nitashindwaje hili? Mzee Mugendi alinipokea na kiti chenye mto. Nikaletewa chai ya maziwa, nikaletewa viazi. Nikasema yote niliyopanga: kwamba mama yule alikuwa anamtafutia mumewe mtoto, kwamba nyie wenyewe mlijaribu mkaona kijana hasikii, kwamba bila yeye Magoti angekufa anaangalia njia. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hatuna neno, mama. Hatuna neno kabisa. Mambo yale yalipita." Wakanisindikiza wote mpaka barabarani, wakanikabidhi jogoo.

Nilikaa na yule jogoo mapajani mpaka Musoma, nalia. Kama wangenigombeza, ningejibu. Kama Mzee Mugendi angesema Nyangeta amekosa hiki na hiki, ningesema hapana, hakukosa. Lakini watu wameniambia hawana neno, na wamenipa jogoo, sasa nitashika wapi? Tena nadhani yule mzee mwenyewe aliumia. Alimpenda mdogo wake, alimshikilia kwa namna aliyoijua yeye, na mtu akaja akamfumbua vidole. Ninachojutia ni kwamba wote walikuwa wanampenda mtu yuleyule, na hapakuwa na mtu katikati yao, hata mimi niliyelipwa kwa kazi hiyo, aliyejua kuwafasiria.

Nawaona nyie na makundi yenu ya ukoo kwenye simu. Juzi hapa Kamunyonge binti wa watu alijua baba yake mdogo amekufa kwa kuona picha yake kwenye stetasi ya binamu, na maua na mshumaa. Alikuwa sokoni, peke yake, ameshika nyanya. Sisemi ya kwetu yalikuwa bora, maana mmeona yalimfanya nini Nyangeta. Nasema tu kwamba Mzee Shabani angeuliza, alikuwa na nani pale.

Sasa niwaambie lililonifanya niandike.

Mwaka huu nilikwenda Kibara kumtembelea. Nilipita Bunda, nikafika kabla ya jua kali. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya kaka yake, anachagua dagaa, na nikajikaza uso usiseme kitu. Amekwisha. Miguu imevimba, kanga anaifunga mara mbili. Kaka yake alinisindikiza hadi kwenye mtungi wa maji, akaniambia taratibu, "Walitwambia tumrudishe nyumbani apumzike."

Tukakaa tukaongea ya zamani. Tulipofika kwa Magesa na masufuria yake akacheka mpaka akakohoa. Basi simu yake ikalia. Josephat. Sasa ni mtu mzima, ana mvi, ana cheo. Nikamwona Nyangeta anajinyoosha mgongo, anasafisha koo, kama anakwenda kuimba.

"Marahaba mwanangu! Sijambo! Huku kwema kabisa. Mimi? Mzima kama wewe. Nimetoka kula sasa hivi." Hakuwa amekula. Uji wake ulikuwa pembeni, na nzi juu yake. "Eeh. Eeh. Nipo na mama yako mdogo Mama Simu hapa, msalimie."

Akanipa simu. Akanitazama.

"Shikamoo Mama Simu! Jamani! Mama hajambo eti? Maana kila siku ananiambia yuko vizuri, kaipenda Kibara yake, hataki hata kuja huku."

Nyangeta hakuondoa macho. Nikasema kile ambacho macho yale yaliniruhusu. "Hajambo, mwanangu. Anaumwa kidogo tu. Anakuulizia."

"Uzee huo, mama," akacheka vizuri, kwa upendo. "Mpe pole. Krismasi nikijaliwa nitajitahidi."

Alipokata nikamwambia Nyangeta, niruhusu nimwambie. Sasa hivi, nipige tena. Niseme kwa mdomo wangu.

"Hapana, Mama Hamisi. Nilisema mara moja. Nikampata mtoto, nikakosa mji. Hapa kwa kaka yangu ndipo palipobaki. Mke wa kaka yangu ananiogesha kila asubuhi, ananiambia leo umeamka vizuri. Nikimwita mtoto kwamba nakufa, nitakuwa namwambia kazi yake ni bure." Akaokota dagaa aliyeanguka kwenye mkeka. "Mungu akipenda atakuja mwenyewe."

"Lakini unamtaka?"

Hapo ndipo alipolia. Akaniapisha nisimpigie Josephat, nisimtumie ujumbe, wala nisimtume mtu. Nimeapa, na mpaka leo sijapiga.

Lakini hakuniapisha nisizungumze na nyie. Kwetu mtu ukishindwa kumwambia jambo, unalisema kwa sauti mbele ya wengine yeye akiwa chumba cha pili. Majina humu nimeyabadilisha. Nyangeta siye Nyangeta, na Josephat siye Josephat. Mwenye mama Kibara, aliyemkuta baba yake akiwa hai Butiama, anajijua. Na kama wewe si yeye, lakini una mama mahali fulani anayekuambia kila siku kwamba hajambo, basi chukua kama nimesema na wewe.

Mwanangu, mabasi ya kutoka Dar yanafika Bunda kabla ya Musoma. Usipitilize kuja kunisalimia mimi, wala usisubiri Krismasi. Shuka Bunda, ulizia magari ya Kibara, na ukifika usimuulize anaumwa nini. Kaa naye kwenye mkeka.